Ikiwa x = 4, kwa nini 3x si 34? Uzi wa kusoma mitajo ya aljebra kabla ya kukokotoa

#1 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi.

Nimefundisha hisabati miaka mingi, na kosa lisilonitoka akilini halikufanywa na mvivu. Lilifanywa na binti makini sana, daftari safi, mistari imenyooka. Swali: tafuta thamani ya 3x ikiwa x = 4. Jibu lake: 34.

Nikamkosesha, nikafunua daftari lililofuata. Jioni ndipo nilipokaa nikajiuliza alikuwa anawaza nini, nikagundua kwamba alikuwa amefanya hasa kile tulichomwagiza: ondoa x, weka 4. Alipoiondoa x, zikabaki 3 na 4 zimekaa pamoja, na tangu alipojua kuhesabu ameambiwa kwamba 3 na 4 zikikaa pamoja husomwa thelathini na nne. Nani alimwambia kwamba kwenye aljebra kukaa pamoja maana yake ni kuzidisha? Mimi sikumwambia. Niliandika tu ubaoni na kuendelea.

Hebu angalieni jinsi tunavyowachanganya. Kwenye 34, ukaribu maana yake ni 30 + 4. Kwenye 3½, ukaribu ni kujumlisha: 3 + ½. Kwenye 3x, ukaribu ni kuzidisha: 3 × x. Mkao ni uleule, maana tatu. Mtoto anayekwama hapo ana haki ya kukwama.

Kwa hiyo naleta uzi huu kwa wanaojifunza, wazazi wanaosaidia watoto jioni, na walimu wenzangu. Hoja yangu ni moja: wengi wanaoshindwa kutafuta thamani ya mtajo hawashindwi kuhesabu, wanashindwa kuusoma.

Mtajo, kama 3x au 2n + 5, ni jina. Mtu akikwambia "mtoto wa jirani yangu" halafu akanyamaza, utamsubiri amalizie, kwa sababu ametaja mtu lakini hajasema lolote juu yake. 2n + 5 nayo imetaja namba fulani, basi. Ukiweka alama ya = na kitu upande wa pili, umepata mlinganyo, na ile = inafanya kazi ya "ni" yetu: 2n + 5 ni 17. Sasa kuna jambo limesemwa, linaweza kuwa kweli au uongo. Ukipewa 2n + 5 peke yake, hakuna n ya kutafuta. Nimeona wanafunzi wakijiongezea "= 0" wenyewe kwa sababu jina tupu linawanyima amani. Wengine wanaliunganisha kwa nguvu liwe 7n, wapate kitu kinachofanana na jibu. Jaribu n = 3: 2n + 5 ni 11, 7n ni 21. Hazihusiani.

Sasa jambo ninalolipenda zaidi. Soma mtajo kwa sauti, kwa Kiswahili kamili, si "mbili eni jumlisha tano".

2n + 5 ni *jumla* ya mara mbili ya n na 5.
2(n + 5) ni *mara mbili* ya jumla ya n na 5.
n² − 1 ni *tofauti* ya kipeo cha pili cha n na 1.
(n − 1)² ni *kipeo cha pili* cha tofauti ya n na 1.

Lile neno la kwanza linakutajia tendo la MWISHO kufanyika. Ukisikia "jumla ya…", kazi yako itafungwa kwa kujumlisha. Ukisikia "kipeo cha pili cha…", utamalizia na kipeo. Ikiwa n = 5, mtajo wa tatu unatoa 25 − 1 = 24, wa nne unatoa 4² = 16. Aliyeweza kuutamka hawezi kuwachanganya hawa wawili.

Angalizo dogo: ukisema harakaharaka "mara mbili ya n na 5" bila neno "jumla", hujaeleweka. Inaweza kuwa 2n + 5, inaweza kuwa 2(n + 5). Mabano yalihitajika kwa ajili ya hilo.

Karibuni tuchangie.

#2 KalamuNyekundu

Mkuu, umegusa penyewe. Naongeza mtego wa lugha yetu ambao nausahihisha kila muhula.

"Toa 7 kwenye n." Nusu ya darasa wanaandika 7 − n, kwa sababu 7 imetajwa kwanza. Sahihi ni n − 7. Vivyo hivyo "namba iliyo pungufu ya n kwa 7". Jicho linafuata mpangilio wa maneno, mkono unaandika kabla akili haijauliza: nani ananyang'anywa? Mimi huwaambia wajibu swali hilo kwanza. Anayenyang'anywa ndiye anayekaa kushoto.

Kwenye kujumlisha na kuzidisha mpangilio hauna madhara, ndiyo maana tabia hii mbaya inakua bila mtu kuiona mpaka siku ya kutoa na kugawanya.

#3 MzaziWaWawili

Asante kwa uzi, mwalimu. Nina swali lililoleta ubishi nyumbani. Mwanangu alipewa x² ikiwa x = −3, akajibu 9. Mimi nikaandika kwenye kikokotoo alama ya kutoa, 3, kipeo cha pili, nikapata −9. Nikamwambia amekosea. Alikaa kimya lakini niliona hajaridhika. Nani yuko sahihi?

#4 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Mwanao yuko sahihi, mzazi, na ningekuomba umwambie hivyo, maana mtoto aliyekuwa sahihi akaambiwa amekosea huanza kutoiamini akili yake.

Kikokotoo nacho hakikukosea. Kilijibu swali jingine. x² inasema: chukua namba yote inayoitwa x, uizidishe kwa yenyewe. Namba yote ni −3, pamoja na ile alama yake. Kwa hiyo (−3) × (−3) = 9. Ulichoandika wewe, −3², kwa kanuni ya hisabati kinasomwa "hasi ya kipeo cha pili cha 3", yaani −(3²) = −9. Kipeo kinaishika ile 3 tu.

Dawa ni moja, na ukiondoka kwenye uzi huu na kitu kimoja basi ondoka na hiki: unapoondoa herufi, acha mabano mahali pake, kisha weka namba ndani ya mabano. Kila mara, hata kama namba ni 4 tu.

3x inakuwa 3( ), halafu 3(4) = 12. Yule binti wangu asingeandika 34.
x² inakuwa ( )², halafu (−3)² = 9.
5 − x, ikiwa x = −2, inakuwa 5 − ( ), halafu 5 − (−2) = 7. Bila mabano watu huandika 5 − 2 = 3, alama moja imemezwa.

Zoezi la kumpa mwanao leo: badilisha nyuzi za Selsiasi ziwe za Farenhaiti kwa 9C/5 + 32, C ikiwa −40. Inakuwa 9(−40)/5 + 32 = −360/5 + 32 = −72 + 32 = −40. Namba ileile iliyoingia ndiyo inayotoka, na hilo hutokea kwenye −40 peke yake. Akiupata mwenyewe atafurahi.

#5 MsimboSafi

Nipenyeze hapa kwa wanaotumia kompyuta, kwa sababu suala la #3 linauma watu wazima kazini pia.

Kwenye Excel ukiandika =-3^2 unapata 9. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, ukiandika -3**2 (nyota mbili ni alama ya kipeo, kama ^ ya Excel) unapata -9. Programu zote mbili zimetengenezwa hivyo kwa makusudi. Excel huishika alama ya hasi ya mwanzoni kabla ya kipeo, Python hufuata kanuni ya hisabati. Na kwenye Excel hiyohiyo, =0-3^2 inatoa -9, kwa kuwa hapo alama ni ya kutoa, si ya hasi.

Nimewahi kuhamisha hesabu kutoka karatasi ya Excel kwenda kwenye programu, majibu yakageuka, nikatafuta kosa kutwa nzima. Ilikuwa mabano. Mleta uzi anasema kweli.

#6 NjiaFupi

Wakuu, kwa heshima, mbona tunarefusha? MAGAZIJUTO inatosha. Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Tuliikariri, tukafaulu. Mtoto akiishika hiyo habari ya kusoma kwa sauti haina haja.

#7 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Mkuu NjiaFupi, sikukatalii kwamba MAGAZIJUTO imebeba watu wengi, mimi mmojawapo. Lakini naomba ukokotoe 10 − 4 + 3 kwa kuifuata neno kwa neno.

Jumlisha kwanza: 4 + 3 = 7. Kisha toa: 10 − 7 = 3. Jibu sahihi ni 9. Kutoa na kujumlisha vina hadhi sawa. Unavifuata kutoka kushoto kwenda kulia. Vilevile kugawanya na kuzidisha.

Nililichunguza hili kwa muda, na kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Ile GA kabla ya ZI haina madhara. 24 ÷ 4 × 2: ukigawanya kwanza unapata 12, ambayo ni sahihi; ukizidisha kwanza unapata 24 ÷ 8 = 3, umeharibu. Kugawanya kukitangulia, jibu linabaki salama. Sasa angalia JU kabla ya TO. Hapa ndipo neno linapotupotosha, kwa sababu kilicho salama ni kinyume chake. Kutoa kukitangulia, 10 − 4 = 6, kisha 6 + 3 = 9. Neno likigeuzwa silabi zake mbili za mwisho, likawa MAGAZITOJU, lisingempotosha mtu. BODMAS ya Kiingereza nayo ina tatizo hilohilo mwishoni.

La pili, MAGAZIJUTO haina vipeo. 2x² ikiwa x = 3: anayefuata neno tu huzidisha 2 × 3 = 6, kisha 6² = 36. Sahihi ni 2 × 9 = 18, kwa kuwa mtajo unasema "mara mbili ya kipeo cha pili cha x". Ukitaka 36 unaandika (2x)².

Kwa hiyo ikaririwe, lakini isiwe ndiyo macho ya kusomea.

#8 NjiaFupi

Nimeijaribu ya 10 − 4 + 3 mara mbili. Nimekuelewa, mwalimu. Kwa miaka yote nilikuwa nafuata kushoto kwenda kulia bila kujua kwamba neno lenyewe linasema vingine.

Sasa nisaidie ile iliyozunguka mitandaoni mwaka 2019: 8 ÷ 2(2 + 2). Ni 16 au 1?

#9 KalamuNyekundu

Naijibu mimi. Ukifuata kushoto kwenda kulia: 8 ÷ 2 = 4, 4 × 4 = 16. Ukiichukulia 2(2 + 2) kama kitu kimoja, kama tunavyofanya tukiona 8 ÷ 2x, unapata 8 ÷ 8 = 1. Vikokotoo vyenyewe vinatofautiana kwa aina. Tatizo ni uandishi, msomaji hana kosa. Andika kwa mstari wa sehemu, 8 juu na 2(2 + 2) chini, au weka mabano (8 ÷ 2)(2 + 2), na hakuna atakayebishana. Mimi sipotezi muda kugombania 16 wala 1.

Afadhali niwape kitu kitamu. Chukua vijiti vya kiberiti, panga miraba kwenye mstari mmoja, kila mraba ukigusana na mwenzake kwa kijiti kimoja cha pamoja. Mraba 1 unataka vijiti 4, miraba 2 vijiti 7, miraba 3 vijiti 10. Miraba n je?

Niliwapa wanafunzi wangu, wakaleta majibu manne:

4 + 3(n − 1)
1 + 3n
2n + (n + 1)
4n − (n − 1)

Wakaanza kuulizana nani amepata. Nikawaambia kila mmoja aeleze aliona nini. Wa kwanza aliona mraba kamili wa mwanzo, kisha vijiti vitatu kwa kila unaoongezeka. Wa pili aliona kijiti kimoja cha kufungulia upande wa kushoto, kisha vitatu vitatu. Wa tatu alitenganisha vilivyolala na vilivyosimama: n juu, n chini, na n + 1 vilivyosimama. Wa nne alimpa kila mraba vijiti vinne vyake, kisha akaondoa vile vilivyohesabiwa mara mbili, ambavyo ni n − 1.

Weka n = 10 kwenye yoyote: 31. Weka 100: 301. Mitajo minne, thamani moja daima, na kila mmoja unabeba jinsi mtu alivyotazama. Binafsi naona "kurahisisha" kuwa 3n + 1 ni vizuri kwa kukokotoa, lakini kunafuta ushuhuda wa macho. Siwaruhusu wanafunzi kurahisisha kabla hawajaeleza.

#10 MzaziWaWawili

Nimemwita mwanangu tukapanga vijiti pamoja. Yeye ameona kama wa nne, mimi kama wa kwanza. Na nimemwomba radhi kwa ile ya −3.

#11 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Umefanya jambo kubwa, mzazi.

Kabla hatujasonga, fumbo. *Kwenye chuo fulani wanafunzi ni mara 6 ya wahadhiri. n ni idadi ya wanafunzi, h ni idadi ya wahadhiri. Andika mlinganyo.* Jibuni bila kuchungulia chini.

#12 NjiaFupi

6n = h. Wanafunzi 6 kwa mhadhiri 1.

#13 MsimboSafi

Mkuu, weka namba. Wahadhiri wakiwa 10, wanafunzi ni 60. 6n ni 360. Hiyo ni sawa na 10?

#14 NjiaFupi

Si sawa. Ni n = 6h. Lakini mbona niliiona wazi kabisa?

#15 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Uko pamoja na watu wengi waliosoma sana, mkuu. Kilichotokea ni kwamba uliisoma 6n kama "wanafunzi 6", herufi ikageuka kuwa mtu. Sisi walimu ndio tunaopanda mbegu hiyo tunapowaambia watoto "3k ni kalamu tatu". Si kalamu tatu. k ni namba. Ikiwa k ni idadi ya kalamu ndani ya boksi moja, basi 3k ni idadi ya kalamu kwenye maboksi matatu. Herufi haiwakilishi kitu, inawakilisha kiasi cha kitu. Ndiyo maana ab ina maana: huwezi kuzidisha kalamu kwa daftari, lakini unaweza kuzidisha idadi kwa idadi.

Njia aliyotumia MsimboSafi ndiyo ya kudumu nayo. Ukishaandika mtajo au mlinganyo, utilie namba halisi uone kama unasema ulichokusudia.

#16 MsomajiMpya

Samahani kuingilia. Nani alileta hizi herufi? Na kwa nini x?

#17 KalamuNyekundu

Kwa ufupi. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad kwenye miaka ya 820 hivi, ndiye tuliyepata kwake neno al-jabr, lenye maana ya kurudishia au kuunga kilichovunjika. Lina mzizi mmoja na "jabari" letu. Lakini yeye aliandika kila kitu kwa maneno, hata namba. Alama ya = ilianzishwa na Robert Recorde mwaka 1557. François Viète, mwaka 1591, alitumia irabu kwa namba zisizojulikana na konsonanti kwa zinazojulikana. Kisha René Descartes, mwaka 1637, akachukua herufi za mwisho, x, y, z, kwa zisizojulikana na za mwanzo, a, b, c, kwa zinazojulikana. Mpaka leo tunamfuata.

Kwa hiyo mleta uzi anapotaka tusome mtajo kwa maneno anaturudisha kwenye namna aljebra ilivyozaliwa.

#18 MsimboSafi

Nina nyongeza kuhusu kutia namba ili kuhakikisha. Chagueni namba vizuri. Mtu akidhani 2x, x + 2 na x² ni kitu kimoja, akajaribu x = 2, zote tatu zinatoa 4. Akijaribu x = 5 anapata 10, 7 na 25. 0, 1 na 2 zinasitiri makosa mengi. (a + b)² na a² + b² zinalingana pia b ikiwa 0, lakini a = 3 na b = 4 zinatoa 49 na 25. Mimi hutumia 5, 7 au −3.

Namba moja inatosha kuthibitisha kwamba mitajo miwili si sawa. Kuthibitisha kwamba ni sawa daima, au kwamba mtajo una tabia fulani daima, hata namba arobaini hazitoshi. Leonhard Euler, mwaka 1772, alionyesha n² − n + 41. Weka n = 1 unapata 41, n = 2 unapata 43, kisha 47, 53, 61, zote namba tasa. Zinaendelea kuwa tasa mpaka n = 40. Weka n = 41: 41² − 41 + 41 = 41², yaani 41 × 41 = 1681. Si tasa tena.

#19 MzaziWaWawili

Mwanangu ana swali la mwisho, nalinakili alivyoliandika: "(x² − 9)/(x − 3), x = 3. Mwalimu wetu alirahisisha ikawa x + 3, kwa hiyo ni 6. Lakini nikiweka mabano kama mlivyosema napata (9 − 9)/(3 − 3) = 0/0. Ipi ni kweli?"

#20 ChakiNyeupe (mleta uzi)

Mwambie mtoto huyu nimelisoma swali lake mara tatu kwa furaha.

0/0 haina thamani. Kugawanya 12 kwa 4 ni kuuliza: namba gani mara 4 ni 12? Kugawanya 0 kwa 0 ni kuuliza: namba gani mara 0 ni 0? Kila namba inajibu, kwa hiyo hakuna jibu la kuchagua. Mtajo wake wa asili, x ikiwa 3, haujataja namba yoyote. Ni kama kusema "mtoto wa jirani yangu" kwa jirani asiye na mtoto.

Kurahisisha kuwa x + 3 kulikuwa halali, lakini kwa sharti: tuligawanya juu na chini kwa x − 3, na hilo linaruhusiwa tu pale x − 3 si 0. Mitajo hiyo miwili inalingana kwa kila x isipokuwa 3. Ajaribu x = 5: (25 − 9)/(5 − 3) = 16/2 = 8, na 5 + 3 = 8. Kisha ajaribu x = 2.9, halafu 2.99, halafu 2.999, kwenye mtajo wa mwanzo bila kurahisisha, aandike majibu kwa mpangilio. Ataiona ile 6 ya mwalimu wake inakaribia bila kufika. Akimaliza, aje atuandikie hapa alichokiona.